Nasoma Kilichoandikwa

Jumapili ile Mwinjilisti Kahigi alikishika kitabu kichwa chini miguu juu, na akasoma vizuri kabisa. Hakukosea hata neno. Sauti yake ni ileile inayofika mpaka migombani nyuma ya kanisa. Pa kutua alitua, pa kupandisha akapandisha. Kama si watoto wa benchi la mbele, ibada ingekwisha salama na watu wakaenda zao kula. Lakini watoto ndio watoto. Mmoja alicheka, wa pili akamwuliza anacheka nini, akaoneshwa, na kabla somo halijafika mwisho benchi zima lilikuwa limeficha nyuso magotini, mabega yakitikisika.

Mzee Mwesiga, katibu wa baraza la wazee, aliinuka. Angeweza kusubiri, angeweza hata kumnong'oneza mchungaji. Hakusubiri, wala hakunong'ona. Alitembea mpaka mbele viatu vikilia, akakitoa kitabu mikononi mwa mwinjilisti, akakigeuza, akakirudisha.

"Sasa endelea," alisema, kwa sauti ya kutosha watu wote.

Kahigi hakuendelea. Alisimama pale na kitabu chake kilichonyooshwa, jasho likimtoka kwenye paji la uso, mpaka mkewe Laurensia alipotoka upande wa kina mama akamshika kiwiko na kumrudisha kitini. Kwaya ikaanzisha wimbo ambao haukuwa zamu yake.

Basi, ikajulikana kijiji kizima cha Rugera. Watu walikuwa wanajua kwamba macho ya mwinjilisti hayako sawa. Walimwona akigusa ukuta kabla ya kupita mlangoni, walimsikia akisubiri mtu aongee ndipo amtaje jina. Ila hawakujua kwamba macho yalikuwa yamezimika yote mawili. Kwa muda wa mwaka mzima Laurensia alikuwa akimsomea somo la Jumapili jikoni huku akimenya ndizi, naye mumewe analiweka kichwani neno kwa neno. Na kichwa cha Kahigi, jamani, tusidanganyane, kilikuwa kichwa.

*

Wazee walikuja nyumbani siku ya pili kumpa pole. Walikuja watatu: Mchungaji Lameck, Mwesiga, na mama Avelina, ambaye naye ni mzee wa kanisa ingawa ukimwita mzee anakukata jicho. Laurensia akawaletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama desturi inavyotaka. Mwesiga akachota buni mbili, akaushika mkono wa Kahigi, akaufumbua, akamwekea buni kiganjani na kukifunga, kama anavyopewa mtoto.

"Mama Aine," alimwuliza Laurensia, "mzee anakula vizuri?"

"Mzee anakula vizuri," alijibu Kahigi mwenyewe, pale pale pembeni yake. "Na masikio anayo."

Avelina akacheka. Mchungaji akakohoa, akaanza kuzungumzia mvua na kahawa ilivyokubali mwaka huu, kama afanyavyo mtu anayetafuta mlango. Mwesiga ndiye aliyeufungua.

"Mwinjilisti, hatukuja kukulaumu. Lakini kanisa linataka msomaji. Wewe umekuwa unakariri. Kukariri si kusoma, na kujifanya unasoma ni kuwadanganya waumini."

"Hapo umesema kweli," alisema Kahigi. "Nilificha. Nitasimama mbele ya kanisa niombe radhi. Lakini kazi siachi. Nitasoma."

"Kwa macho yapi?"

"Kwa vidole. Nilipokuwa hospitalini niliambiwa kuna mwalimu huko Mabira, Kyerwa, naye haoni. Anafundisha watu maandishi ya nukta nundu. Nimeshamwagiza."

Mwesiga alitikisa kichwa. Ni mtu safi, hali cha mtu wala hakopi akasahau, na kanisa lile alilijenga kwa mikono yake tofali kwa tofali. Lakini akishaamua jambo huwezi kumtoa hata kwa trekta. Isitoshe, mkwe wake alikuwa amemaliza kozi ya uinjilisti na alikuwa nyumbani anasubiri. Hilo hakulisema, na kila mtu mle ndani alilisikia.

"Neno la Mungu linasomwa, mwinjilisti," alisema. "Halipapaswi."

Laurensia aliyekuwa amesimama mlangoni alihisi machozi yanamjia, akatoka nje haraka akajifanya anafukuza kuku. Alimchukia Mwesiga siku ile. Alimchukia kabisa.

Ndipo mchungaji akakata shauri. Kahigi apewe muda mpaka sikukuu ya mavuno. Kabla ya sikukuu atasoma mbele ya baraza. Akisoma, kazi ni yake. Asiposoma, atamwachia mwingine mimbari, na yeye atakaa benchi kama waumini wengine. Kahigi alikubali palepale. Watu walipoondoka akamwambia mkewe: "Mama Aine, mimi benchi siliwezi. Utanizika."

*

Mwalimu alifika kwa bodaboda, amekumbatia begi na kichupa cha samli, fimbo yake nyeupe imekunjwa kwapani. Jina lake Tukahirwa, binti wa wafugaji, mrefu, mwembamba, mcheshi. Aliposhuka aliikunjua fimbo, akasalimia upande ule ule Laurensia alikokuwa amesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwalimu ni wewe?" Laurensia alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Samahani, mimi nilidhani watamleta mwenye macho."

"Mwenye macho angemfundisha nini, mama? Kuyafumba?"

Kahigi, aliyekuwa barazani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Wakawa marafiki kabla ya chai.

Tukahirwa alianza na trei ya mayai. Aliikata kikabaki kipande chenye vishimo sita, viwili kwenda upande na vitatu kwenda chini, akaomba bakuli la kahawa. Herufi zote duniani, alisema, zinakaa katika vishimo hivi sita. Buni moja juu kushoto ni a. Weka nyingine chini yake, umepata b. Kahigi alizimaliza herufi upesi kuliko alivyotarajia mwalimu, akaanza kuringa. Akawa anamwita mkewe kutoka jikoni aje amsikie.

Kisha ikaja karatasi. Karatasi ngumu, ya manjano, yenye vinundu vidogo kama vipele vya joto. Kahigi aliipitishia kidole juu chini.

"Mwalimu, hapa pana mchanga."

"Hiyo ni sentensi, baba."

"Mimi nasikia mchanga."

Ikawa hivyo siku nyingi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeshika jembe na panga tangu utotoni, kimekomaa kama kwato. Tukahirwa akamwambia kila asubuhi na jioni aviloweke vidole katika maji ya uvuguvugu, avipake samli, na mchana asishike jembe kabisa. Hilo la jembe ndilo lililouma. Majirani waliopita njiani walimwona mwanamume mzima amekaa barazani na vidole ndani ya bakuli, mkewe yuko shambani anapalilia peke yake, na walisema waliyosema. Mmoja aliuliza kwa sauti kama mwinjilisti anaandaliwa kuolewa.

"Mwambie mahari yangu hataiweza!" Kahigi alijibu kutoka barazani.

Lakini usiku, akiwa kitandani, alimwuliza Laurensia kama kweli anaona wanaelekea popote. Laurensia alimwambia lala. Yeye mwenyewe alikuwa na shamba la kupalilia asubuhi.

Kidole cha shahada kilipogoma, mwalimu akahamia kwa jirani yake, kile cha kati. Hicho kilikuwa na uhai. Siku kiliposikia neno zima, neno "maji", Kahigi aliruka kutoka kwenye kiti akampiga teke mbwa bila kukusudia.

Tatizo lililofuata lilikuwa kichwa chake. Tukahirwa alimwandikia mistari ya masomo anayoyafahamu, na Kahigi akigusa tu neno la kwanza na la pili, kidole kinabaki nyuma, mdomo unakimbia. Anasoma ukurasa mzima mkono ukiwa bado mstari wa kwanza.

"Baba," Tukahirwa alimkatiza siku moja, "unasoma au unasali?"

"Si ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo unavyojua. Kesho nitakuonesha."

Kesho yake alimpa karatasi mpya. Kahigi akaanza kwa madaha, akishika maneno mawili ya mwanzo, akatiririka. Mwalimu akamrudisha. Akaanza tena, akarudishwa. Mara ya tatu akakasirika, akafuata kidole polepole, herufi kwa herufi, na uso wake ukabadilika.

"'Katibu... amekula... kofia... yake'? Mwalimu! Haya ni maneno gani?"

"Ndiyo yaliyopo hapo. Soma kilichoandikwa, baba, usisome unachokijua. Ukisoma unachokijua, mzee Mwesiga ana haki ya kukutoa."

Maneno yale yalimchoma Kahigi, maana yalikuwa ya kweli na yalitoka kwa mtoto anayelingana na mwanawe Ainebyona. Kuanzia siku ile Tukahirwa akamjazia karatasi mitego: mbuzi wanaohubiri, ndizi zinazokwenda sokoni kwa miguu. Na Kahigi akawa anazisoma zote kama zilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, huku Laurensia akicheka jikoni mpaka anakaa chini.

Laurensia naye alikuwa anajifunza kuandika. Walikubaliana hivyo, kwa sababu mwalimu atarudi kwao Mabira na masomo ya kila Jumapili lazima mtu ayaandike. Chombo chenyewe ni kibao cha chuma chenye madirisha madogo na kijiti chenye ncha. Unaibana karatasi, unachoma kwa nyuma, kisha unaigeuza, na vinundu vinatokeza mbele. Kwa hiyo kila kitu unakiandika kinyume: unaanzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaigeuza nayo, kulia kwake kuwe kushoto.

"Kama shati lililogeuzwa ndani nje," alisema Laurensia.

"Hasa. Na ukisahau kuigeuza herufi, mama, hiyo inakuwa kitu kingine. Si tu kwamba haisomeki. Wakati mwingine inasomeka, na hapo ndipo pabaya."

Laurensia alichoma karatasi mpaka kiganja kikamvimba. Aliharibu nyingi. Lakini alikuwa na macho na subira, na kabla ya mavuno aliweza kuandika ukurasa mzima ambao mumewe aliusoma bila kusitasita.

*

Siku ya baraza wazee walikaa kanisani kwenye mabenchi ya mbele, na nyuma yao watu wengine ambao hawakualikwa ila walikuwa "wanapita tu". Kahigi alivaa koti lake la ibada. Alisimama kwenye meza ya kusomea, wima, vidole vyake vinang'aa samli.

Tukahirwa alikuwa ameleta karatasi aliyoiandaa. Mwesiga akaikataa.

"Mwalimu na mwanafunzi wanaelewana. Tutajuaje hajaikariri wiki nzima? Somo lichaguliwe sasa hivi, liandikwe sasa hivi, nami nitasimama palepale."

"Nani aliandike?" aliuliza mchungaji. "Mwalimu humtaki."

"Mimi naandika," alisema Laurensia.

Mwesiga alifikiri. Mke naye hakumfurahia, lakini mwingine wa kuandika nukta zile hakuwepo kuanzia hapo mpaka mjini Rubwera. Akakubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayemsomea, na kwamba Kahigi hatoki pale aliposimama. Mchungaji Lameck akafungua kitabu, akapekua, akaweka kidole. Alikuwa mtu wa huruma, na huruma yake ilimchagulia Kahigi somo jepesi kuliko yote: zile Heri za mahubiri ya mlimani, ambazo kila mstari unaanza na neno hilo.

Mwesiga alipoliona alikunja uso. "Mchungaji, hizi nani hazijui? Akilishika neno la kwanza tu, zilizobaki anazo kichwani!"

"Nimekwisha chagua, katibu. Nendeni."

Wakaingia chumba cha ofisi, Laurensia na kibao chake, Mwesiga na kitabu. Laurensia alibana karatasi. Mwesiga aliinama juu ya bega lake mpaka Laurensia akasikia pumzi yake shingoni.

"Andika: Heri. Umeandika? Mbona unakawia? Watu wanasubiri, mama."

"Naandika, mzee."

Alichoma neno la kwanza hivyo hivyo, na pumzi ya mtu shingoni. Kisha akajikaza, akamwomba asogee pembeni, naye akasogea. Mistari mitatu ikaenda sawasawa. Alipomaliza akaigeuza karatasi, akaipapasa juu juu. Kwa macho vinundu vyote vilikuwa vinafanana. Mwesiga mwenyewe ndiye aliyeibeba mpaka kwenye meza ya kusomea.

Kahigi aliinyoosha karatasi. Kidole kikaingia mwanzo wa mstari wa kwanza, kikasimama. Kikarudi. Kikaenda mbele taratibu hadi mwisho wa mstari, halafu kikarudi tena mwanzo, kikakaa pale. Mtu alipiga chafya, akatazamwa vibaya.

Kahigi alikuwa ameshalijua somo. Maneno yaliyofuata yalimwambia ni lipi, na alijua mstari ule unapaswa kuanza na neno gani, kama anavyojua jina la mama yake. Alijua pia kwamba neno lililokuwa chini ya kidole chake si hilo, na mkono uliokosea anaufahamu, maana amekula chakula chake tangu ujana wake. Kusema lile neno sahihi kulikuwa rahisi kama kumeza mate. Nani angejua? Mkewe angebaki na heshima yake, na yeye na mimbari yake. Lakini mwaka mzima alikuwa amesimama mahali hapohapo akisema maneno ambayo hakuyaona popote, na alikuwa amelichoka jambo hilo kuliko alivyolichoka giza.

"Jiwe," alisoma.

Mabenchi yakaguna. Laurensia akashika mdomo.

"Jiwe?" Mwesiga aliinuka, hakuweza kujizuia. "Jiwe! Wazee, mmesikia wenyewe. Hata mtoto wa shule ya Jumapili, ukimwamsha usingizini, anakwambia ni Heri! Anaijua kwa kichwa!"

"Na mimi najua somo hili linaanza na Heri, katibu," alisema Kahigi. Sauti yake haikutikisika. "Lakini hapa pameandikwa jiwe. Nasoma kilichoandikwa."

Watu wakaanza kusemezana. Mchungaji akaichukua karatasi, akaitazama, akaigeuza, haikumwambia kitu. Akampelekea Tukahirwa aliyekaa karibu na mlango. Mwalimu alipitisha kidole mara moja tu, akaangua kicheko kanisani mle, mpaka fimbo ikamwanguka.

"Jiwe," alisema. "Kweli kabisa. J, i, w, e. Mama, neno la kwanza umesahau kuligeuza! H isipogeuzwa ni j. E inakuwa i. R inakuwa w, na i ya mwisho inakuwa e. Miaka yote ninayofundisha sijawahi kuliona hili. Heri ikikosewa inasomeka jiwe!"

"Maawe!" alilia Laurensia, kama walivyo Wanyambo wakishtuka, humwita mama.

"Haya tena," alisema Avelina. "Mume anasema jiwe, mke anasema mawe. Leo tutajenga nyumba."

Kicheko kikazuka mpaka nyuma kwa wale waliokuwa wanapita tu. Laurensia alicheka na kulia kwa pamoja. Alisimama akasema, "Ni mimi. Yeye hana kosa, kosa ni langu," na hakuona aibu kama alivyodhani ataiona.

Mwesiga hakucheka. "Kosa la nani halituhusu," alisema. "Somo ni Heri, yeye kasema jiwe. Ameshindwa."

"Ngoja kwanza, Mwesiga." Avelina aligeuka kwenye benchi akamtazama. "Uliogopa atasoma ya kichwani, au sivyo? Umesema mwenyewe sasa hivi, Heri hizi hata mtoto anazo kichwani. Sasa huyu, jiwe kalitoa kichwani mwa nani?"

Mwesiga akaitazama karatasi mikononi mwa Tukahirwa, akamtazama Laurensia, akamtazama Kahigi aliyekuwa amesimama mezani mikono mitupu, anasubiri. Alikuwa mtu mgumu, tumeshasema, lakini hakuwa mjinga wala mwongo. Akaketi polepole.

Tukahirwa aliirudisha karatasi kwa mchungaji, na mchungaji akaiweka chini ya mikono ya Kahigi.

"Niendelee mstari wa pili?" aliuliza Kahigi.

Mchungaji Lameck hakumjibu yeye. Aliwageukia watu, akasimama kama anavyosimama Jumapili, na kwa sauti yake ya Jumapili akasema:

"Somo la Injili. Tusimame."

Kahigi akasikia benchi la kwaya likilia, watu wakiinuka. Akasikia la kina mama. Akasikia goti la Avelina likialika, na yeye mwenyewe akilisonya. Kidole kilikuwa tayari mwanzo wa mstari, lakini hakusoma. Alisubiri, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia anakokaa katibu siku zote, mpaka benchi lile nalo likalia.

Ndipo akasoma.